Gari Likisumbua Umeme: Mambo ya Kufanya Nakivale Kabla ya Kulipeleka Mbarara

Jioni uliliegesha likiwa zima. Asubuhi unageuza ufunguo, linatoa mlio mdogo kisha kimya. Jirani anakuja na gari lake, mnalibusti, linawaka, na linakwenda siku kadhaa bila shida yoyote. Halafu linarudia. Ukimwita fundi, siku hiyo halionyeshi kitu. Baada ya muda watu wanaanza kusema gari lina mkono wa mtu.

Ndugu msomaji, hitilafu ya umeme inayokuja na kuondoka ina chanzo chake, na mara nyingi chanzo hicho ni kidogo: waya uliolegea, kutu, au kifaa kinachoendelea kula umeme gari likiwa limezimwa. Kinachomaliza pesa za familia ni kununua vipuri kwa kubahatisha, leo betri, kesho altaneta (ile mashine inayochaji betri injini ikiwa inazunguka), keshokutwa stata. Pima kwanza, ununue baadaye.

Anza na daftari, na hili halina gharama. Kila gari linaposumbua, andika saa, hali ya hewa, kama lilikuwa limetoka kwenye barabara ya vumbi au limelala siku mbili, na nini kilikuwa kimewashwa. Gari linalokataa asubuhi tu linaonyesha betri iliyochoka au umeme unaovuja usiku. Linalozima ukipita kwenye mashimo linaonyesha waya uliolegea. Likisumbua baada ya mvua, kuna mahali maji yanaingia. Fundi mzuri akisoma kurasa hizo, nusu ya kazi yake imeshafanyika.

Kwa nini magari ya huku Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, yanasumbuka hivi? Ukiacha lami ya Mbarara kwenda Kikagati ukaingia barabara ya vumbi kuelekea Base Camp, gari linatikisika njia nzima na vumbi linaingia kila mahali. Ikija mvua, vumbi lile linashika unyevu na kula vyuma. Pia mengi ya magari yetu yametumika Japani kabla ya kuja, kisha yakapita mikononi mwa watu kadhaa, na kila mmoja akaongeza kitu chake: alamu, redio, taa za ziada, kifaa cha kufuatilia gari. Nyaya zilizokatwa na kuunganishwa kwa mkono, zikafungwa kwa utepe tu, ndizo ninazozishuku kabla ya kitu kingine chochote. Na kama unaweka magunia ya mahindi au maharage karibu na gari, fungua boneti utazame kama panya wametafuna nyaya.

Kifaa kimoja kinafaa kununuliwa: multimita, yaani kipimo cha umeme chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Ya kawaida huuzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi za Uganda, na familia tatu au nne mnaweza kuchangia moja. Iweke kwenye volti za moja kwa moja, alama ya 20. Gari likiwa limepumzika usiku mzima, gusa waya mwekundu kwenye nguzo ya chanya ya betri na mweusi kwenye hasi. Betri iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki na nusu hivi. Ikiwa chini ya 12, imekwisha, ichajiwe kabla ya vipimo vingine. Sasa washa injini upime tena. Usomaji kati ya 13.8 na 14.5 unaonyesha kwamba altaneta inachaji. Ukibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, betri mpya haitakusaidia, maana hakuna kinachoijaza. Tazama kwanza mkanda unaozungusha altaneta, kama umelegea au umechanika. Mtu mwingine akiwasha gari, mwombe atulie kidogo kwenye stata huku wewe ukitazama kipimo: kikishuka chini ya 9.6, betri ni dhaifu au viungo vyake ni vichafu.

Hapo kwenye viungo nataka ukae kidogo. Kutoka nguzo ya hasi kuna waya mnene unaoshikwa na bolti kwenye mwili wa gari, na mwingine unaofika kwenye injini. Mafundi wanauita waya wa athi. Umeme wote wa gari hurudi kwenye betri kupitia njia hiyo. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye nguzo, au bolti ina kutu chini ya vumbi jekundu, hapo umeme unapita kwa shida, na gari litafanya maajabu: taa zinafifia ukipiga honi, mshale wa mafuta unaruka, indiketa inawaka pamoja na taa ya breki. Jaribu hivi. Injini ikiwa inazunguka na taa kubwa zimewashwa, weka waya mweusi wa kipimo kwenye nguzo ya hasi na mwekundu kwenye chuma kisicho na rangi cha injini. Usomaji wa 0.1 au 0.2 ni mzuri. Ukiona 0.5 au zaidi, athi ni mbovu. Zima gari, fungua waya wa hasi kwanza na wa chanya baadaye, mwagia nguzo maji ya moto, kausha, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, ukaze sawasawa. Ukirudisha, chanya huanza na hasi humalizia. Vaa miwani au funika macho, kwa sababu maji ya betri ni tindikali, na usivute sigara hapo: betri hutoa gesi inayoshika moto.

Kama betri inakwisha usiku tu, tafuta kinachovuja. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Fungua waya wa hasi. Hamishia waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la 10A, uchague ampia za moja kwa moja, kisha unganisha kipimo katikati ya nguzo ya hasi na waya ulioufungua. Ampia ni wingi wa umeme unaopita. Subiri nusu saa hivi, kwa sababu kompyuta za gari huchukua muda kulala. Usigeuze ufunguo wala kufungua mlango kipimo kikiwa hapo, kinaweza kuungua. Gari zima huvuja chini ya 0.05. Likivuja 0.5, kwa siku moja linakula ampia-saa 12, na betri ya gari dogo yenye ampia-saa 45 haitamaliza siku tatu kabla ya kukataa kuwasha. Sasa chomoa fyuzi moja moja na kurudisha. Ile ambayo ukiichomoa usomaji unashuka ghafla ndiyo inayobeba tatizo. Tazama kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi inahudumia nini, uandike kwenye daftari.

Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa ya namba ileile: nyekundu ni ampia 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Ni kitu cha bei ndogo mno. Ikikatika tena, kuna waya unaogusana na chuma mahali fulani. Tafadhali, usiweke msumari, karatasi ya sigara wala kipande cha waya badala ya fyuzi. Hivyo ndivyo magari yanavyoungua, na watoto wanaweza kuwamo.

Usiguse kabisa nyaya za njano zinazoelekea kwenye usukani na chini ya viti, ni za mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga. Kwenye magari ya haibridi kama Prius na Aqua, nyaya za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua. Hizo mwachie fundi aliyezisomea.

Ukishindwa hapo, ni wakati wa Mbarara. Magari mengi ya familia ni otomatiki: hayawaki kwa kusukumwa, na kuyavuta kwa kamba safari ndefu kunaharibu gia. Kama haliwaki kabisa, ni nafuu kumleta fundi kwa boda boda akiwa na betri iliyochajiwa kuliko kukodi lori la kubeba gari. Kama linawaka, ondoka asubuhi, beba leseni, kadi ya gari na kitambulisho chako cha mkimbizi, na usizime injini njiani.

Mjini uliza fundi umeme wa magari. Fundi wa injini anaweza kuwa hodari kwa kazi yake na bado umeme ukamshinda. Patana kabla boneti haijafunguliwa: kupima ni kiasi gani, kazi ni kiasi gani, spea nani anainunua. Kusomesha gari kwa mashine ya kompyuta hulipiwa peke yake, kwa kawaida makumi ya maelfu ya shilingi. Mashine husoma namba, na namba hiyo inataja eneo lenye shida. Bado fundi lazima apime waya. Mwombe akuandikie namba hiyo, na usikubali aifute kabla hujaiona. Akisema betri imekufa, mwombe akupimie mbele yako, maana betri mpya ni laki kadhaa. Ukiinunua, tazama tarehe iliyogongwa juu yake, dai risiti na kadi ya dhamana, na uliza punguzo kwa kurudisha ile ya zamani. Ndani yake mna risasi ambayo ni sumu, isivunjwe nyumbani.

Kazi ikiisha, dai kipuri kilichotolewa, na kabla ya kulipa washa taa, feni na honi kwa pamoja, upime volti mwenyewe. Kama inawezekana, bakisha sehemu ya malipo mpaka gari lilale usiku mmoja na kuwaka asubuhi. Jambo hilo mlizungumze mapema, wakati wa kupatana, na liandikwe kwenye karatasi yenye sahihi zenu wote wawili.