Sehemu ya dreva: baiti au pointa?

Swali: Naandika dreva ya Wi-Fi ya Linux. Kwa nini drv_priv ndani ya ieee80211_sta ni safu ya u8, si void *?

Jibu: Kwa sababu mac80211 haijui utaweka nini humo. Unaitajia ukubwa tu kupitia sta_data_size, nayo hutenga kumbukumbu yote kwa mkupuo. Pointa ingekulazimu utenge na kuachilia tena mwenyewe. Ila u8 tupu huweza kuanzia anwani yoyote, ndiyo maana imefungwa __aligned(sizeof(void *)). Usiondoe __aligned hiyo: prosesa nyingine hukataa katakata kusoma pointa iliyokaa upande.

Data ya dreva ikikaa kwenye pakiti, nafasi ni finyu zaidi: skb->cb ina baiti 48, na driver_data iliyo ndani yake 40. BUILD_BUG_ON ikague struct yako. Na ukihifadhi humo anwani ya DMA, iwe ya aina ya dma_addr_t. Ukiibana ndani ya void * kwenye mashine ya biti 32 yenye DMA ya biti 64, nusu ya juu imepotea.