Kilo zetu ziko wapi? Namna ya kusoma ekrani ya Odoo



Wengi wenu mumeniambia: «Agronomu, ile mashini ni mambo ya karani, sisi tunajua jembe.» Hapo sikubaliane nanyi. Kahawa munayoleta inaandikwa mule, na feza zenu zinahesabiwa kutokea mule. Munajua kusoma mizani, maana mulikataa kuibiwa ku mizani. Basi tujifunze kusoma na ekrani.

Ninachukua mufano wa Odoo, programu iliyoanzia Ubeljiji mwaka 2005 kwa jina la TinyERP. Toleo lake la «Community» halilipiwi (lakini mutu wa kuja kuipanga, huyo analipwa, musisahau). Manunuzi, depo na mauzo viko ndani yake pamoja. Maneno nitakayotaja ni ya Kifaransa, vile yanavyoonekana ku ekrani. Toleo lenu likiwa la zamani, maneno fulani yanaweza kuwa tofauti kidogo.

Juu kabisa, ku mkono wa kushoto, kuna alama ya vidoti vilivyopangwa kama mbegu kwenye kitalu. Ukiifinya, utaona sehemu zote: «Achats», «Inventaire», «Ventes» na zingine. Kila mutu anaona tu zile alizopewa ruhusa. Ukipotea, rudia pale. Chini kidogo imeandikwa njia uliyopitia, mufano «Réceptions / WH/IN/00045». Neno la mwisho ndipo uko sasa. Lile la mbele yake, ukilifinya, linakurudisha nyuma.

Sasa tufike ku kisanduku cha kutafutia, kiko juu, katikati ao upande wa kuume. Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanagombana.

Koperative moja ya kahawa ninayofuatilia, Siku ya Posho wanamemba 11 walileta kahawa mbivu. Kaye ya mizani iliandika 11. Siku ya Kwanza asubui komite ya kontrole inafungua Odoo, inakuta mapokezi 2 tu. Kelele! Mutunza depo akaanza kuitwa mwizi mbele ya wamama waliokuja kukausha. Mimi nilipofika niliangalia ku kile kisanduku: ndani mulikuwa kibandiko kidogo chenye rangi, na alama ya x pembeni. Nikafinya x. Mapokezi yote yakatokea.

Ilikuwaje? Walifungua «Inventaire», wakafinya «À traiter» ku karata ya «Réceptions». Njia ile inaonyesha tu kazi ambayo haijamalizika. Yale 9 yalikuwa yamemalizika, ndiyo maana yalifichwa. Hayakuibiwa, hayakufutwa. Kibandiko ku kisanduku maana yake: unaona sehemu tu, haiko yote. Kwa hiyo, mbele ya kusema «imepotea», angalieni kama kuna kibandiko, mukiondoe, halafu muhesabu tena.

Lakini musifikiri shida iliishia pale. Yale 2 yaliyobaki yalikuwa na shida ya kweli. Tulipofungua moja, juu ku mkono wa kuume kulikuwa mstari wa hatua: «Brouillon», «Prêt», «Fait». Rangi ilikuwa imesimama ku «Prêt». Karani alikuwa ameandika kilo, akaona zimebaki ku ekrani, akafikiri kazi imeisha. Ni kweli, ku matoleo mapya Odoo inajihifazia yenyewe ukitoka ku karatasi. Lakini kuhifazi si kuingiza depo. Mpaka ufinye «Valider», na rangi ifike ku «Fait», zile kilo hazihesabiwi ku stoki. Wamama wawili walikuwa wameleta kahawa yao, imeshaingia ku mashini ya kumenya, na kwa Odoo ilikuwa bado haijafika. Kwa kahawa, karibu kilo 5 za mbivu zinatoa kilo 1 ya parche. Mukihesabu parche mwishoni na kilo za mbivu hazikuvalidiwa, hesabu itakataa tu, na mutatafuta mwizi asiyekuwako.

Karani naye asikimbilie kufinya «Valider». Pokezi likishakuwa «Fait», haliwezi kufutwa tena. Ukikosea kilo, kwa kawaida unafanya «Retour», na hiyo inaacha alama. Kwa hiyo, soma kilo kwa sauti, mwanamemba asikie, akubali, halafu ufinye.

Ku karatasi ileile, chini ao pembeni kuume, kuna kama mazungumzo: tarehe, saa, jina la mutu, na kile alichobadilisha, mufano kutoka «Prêt» mpaka «Fait». Sehemu hii mimi naipenda kuliko zote. Lakini inasaidia tu kama kila mutu anaingia na jina lake. Nimekuta mahali watu wanne wanatumia neno la siri moja, limeandikwa ku ukuta! Hapo mazungumzo yote yanasema «Administrator», na hakuna anayejua nani alifanya nini.

Jambo lingine dogo, ni kwa wale wanaoangalia feza ku «Achats». Orodha inaonyesha mistari 80 kwa mara moja. Juu kuume imeandikwa kama «1-80 / 214». Jumla iliyo chini ya safu ya bei ni ya ile 80 munayoona, haiko ya 214. Finyeni ule namba «1-80», muandike «1-214», jumla itabadilika.

Zoezi kwa mukutano unaokuja: wanamemba wawili wa komite wakae pembeni ya karani, na kaye ya mizani ya juma lililopita mkononi. Wafungue «Réceptions», waondoe vibandiko vyote, na kwa kila jina la ku kaye watafute kama rangi imefika ku «Fait». Karani ashike suri, ila wao ndio waseme pa kufinya.