Somo la Kimya cha Skulini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyo vifuani. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad:

Mtendeni ni mtaa wa mji wa Tabora, na jina lake lataja mtende, mti wapendao watu wa pwani. Karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, na watu wa pwani na wa Omani wakakaa huko na dini yao. Mtoto wa Kiislamu wa mji huo husoma chuoni kwa mwalimu wake, tena husoma skuli ya serikali, akasimama mstari mmoja na wenziwe wa Kikristo. Ukitokea msiba, huamriwa wote wanyamaze dakika moja kumkumbuka aliyekufa. Hapo mzazi huuliza: Je, kimya hiki ni ibada? Na kama ni ibada, ni ya nani?

ASILI YAKE. Mwaka 1919 Mfalme George wa Tano wa Uingereza aliwataka watu wa dola yake wanyamaze dakika mbili, tarehe 11 Novemba, saa tano ya asubuhi, kuwakumbuka waliokufa katika vita vya 1914 hata 1918. Tabora yavijua vita hivyo: Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliutwaa mji huo kwa Wajarumani, na wapagazi na askari wengi wa nchi hizi walikufa. Ada hiyo ikaenea, na baada ya uhuru wa 1961 ikabaki katika mikutano na skuli. Basi asili yake ni amri ya dola, wala si nguzo ya dini.

KHABARI YA MAREKANI. Mwaka 1962 Mahakama Kuu ya huko ilikataza skuli za serikali zisisomeshe watoto dua iliyotungwa na wakuu. Mwaka 1981 jimbo la Alabama likatoa sheria ya dakika moja ya kutafakari au kuomba kwa hiari. Mwaka 1985 mahakama hiyo ikaibatilisha, kwa kuwa iliona makusudi yake ni kuirejeza sala skulini kwa mlango wa nyuma. Kimya chenyewe hakikukatazwa. Kilichotazamwa ni nia ya waliokiweka. Na Mwislamu hana ugeni na jambo hilo, kwani amefunzwa kuwa amali hupimwa kwa nia.

KIMYA KATIKA DINI. Sura ya Al-Aaraf, aya ya 204, yaamrisha kusikiliza na kunyamaza isomwapo Qurani. Na hotuba ya Ijumaa husikilizwa kwa kimya. Lakini kunyamaza peke yake hakukufanywa ibada. Abu Israil aliweka nadhiri ya kufunga, kusimama juani na kutosema. Mtume akamwamuru aseme, akae, aingie kivulini, na saumu yake aitimize. Naye Abubakar alimkuta mwanamke aliyehiji bila ya kusema, akamkataza. Tena imepokewa kuwa Mtume alilisimamia jeneza lililopita. Alipoambiwa ni la Yahudi, akawakumbusha kuwa naye ni nafsi.

Maulamaa wa zama hizi wamekhitilafiana. Wako walioiita dakika hiyo bidaa na kujifananisha na wengine. Wako walioiona ni ada ya kuwapa pole wafiwa, maadamu mtu haitakidi kuwa ni ibada. Lisilo na khitilafu ni kuwa maiti wa Kiislamu hunufaika kwa dua na sadaka, na dua yaweza kuombwa moyoni katika dakika hiyo hiyo.

YAPASAYO. Mzazi asimtume mtoto kugombana mstarini. Amfundishe kwanza tofauti ya ada na ibada, na akiona dhiki ya dini amwendee mwalimu mkuu kwa maneno ya upole. Haki anayo: Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 yampa kila mtu uhuru wa imani.

Na mwalimu mkuu ajue kuwa kimya ni amana. Akikijaza sala ya dini moja, na watoto wa dini zote wamesimama kwa amri yake, amekwisha kukigeuza. Hukumu hii haina upande. Mwalimu Mwislamu akiwa mkuu, asiwalazimishe watoto wa Kikristo Fatiha, kama asivyopenda mwanawe alazimishwe sala yao. Atakaye uadilifu kwa mwanawe hana budi awape nao wana wa jirani.

Wallahu aalam.