Usiitupe Redio Bado! Vidokezo 5 vya Umeme kwa Mkazi wa London

Kuna redio ndani ya kabati lako. Usibishe, ipo. Ilinyamaza zamani, lakini kuitupa roho inakataa, maana inafanana na ile ambayo mzee kule nyumbani aliitegea sikio ili asikie London ikisema Kiswahili. Jumamosi hii itoe. Digrii haihitajiki.

1. Siki kwanza, bisibisi baadaye
Fungua kifuniko cha betri. Umeona unga mweupe kwenye springi? Betri zimevuja, na umeme haupiti kwenye uchafu huo. Zitoe, chovya kijiti cha pamba kwenye siki, sugua, kausha, kisha weka betri mpya. Wagonjwa wengi huamkia hapo hapo.

2. Fyuzi ni hesabu ya kugawanya
Plagi ya hapa ni ile ile ya pini tatu tuliyoizoea Dar, Nairobi na Kampala, na ina fyuzi tumboni. Uweke ipi? Soma wati za kifaa, gawa kwa 230. Birika la wati 3,000 linakula kama ampea 13, basi fyuzi ya 13. Taa ya mezani ya wati 60 haifikishi hata ampea moja. Fyuzi ya 3 inaitosha kabisa. Ukiipa taa hiyo fyuzi ya 13 umeajiri mlinzi wa kusinzia: waya unaungua, yeye anakoroma. Na plagi ichomoe ukutani kabla hujaifungua, tafadhali.

3. Lifikirie tangi la juu ya paa
Volti ni kimo cha tangi. Ampea ni maji yanayopita. Omu ni wembamba wa bomba. Ukishika hayo, sakiti nyingi ndogo zitakusikiliza.

Tujaribu. Una betri ya volti 9 na LED nyekundu, ambayo yenyewe inataka volti 2 hivi. Zimebaki 7, na lazima ziwe na pa kwenda. Kazi hiyo ni ya resista, lile bomba jembamba la mfano wetu. LED inatosheka na ampea 0.015; gawa 7 kwa 0.015, unapata karibu 470. Dukani tafuta resista yenye mistari ya njano, zambarau na kahawia: hiyo ndiyo omu 470. Mimi LED yangu ya kwanza niliiunga na betri bila resista. Iliwaka vizuri sana. Mara moja tu.

4. Mguu mrefu uende chanya
Haikuwaka? Igeuze! LED ni daiodi, na daiodi ni barabara ya upande mmoja. Babu yake alizaliwa hapa hapa: mwaka 1904 John Ambrose Fleming, profesa wa University College London, alitengeneza taa ya kioo iliyopitisha umeme upande mmoja tu, ikatumika kunasa mawimbi ya redio.

5. Jua pa kuishia, na wa kumwendea
Maikrowevu usiifungue. Kapasita yake inaweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Redio ya betri ndiyo shule yako.

Ukikwama, shirika la The Restart Project la hapa London huandaa vikao ambapo mafundi wa kujitolea hukaa nawe mezani, mkatengeneza pamoja. Ukihitaji kutiwa moyo, pita Royal Institution, mtaa wa Albemarle, ukaone pete ya chuma iliyozungushiwa waya ambayo Michael Faraday aliitumia mwaka 1831 kuonyesha kwamba sumaku inazaa umeme. Huyo alianza maisha kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu.

Haya, beba redio yako. Na skrubu zake zote, kwenye bahasha moja.