Friji Njiani: Umeme Wake Watoka Wapi?

Siku moja ya kiangazi gari lilipita hapa Gashonga likivuta tela la kulala, yaani nyumba ndogo ya magurudumu yenye kitanda, meza, jiko na friji. Wenyewe walikuwa wasafiri, mtu na mkewe, waliotoka Kigali kwa njia ya Huye, wakavuka msitu wa Nyungwe, nao walikuwa wakielekea Bugarama. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa, wakaomba mahali pa kulala karibu na shule. Mama yule alipofungua friji ili apike chai alikuta maziwa yamechacha. Alistaajabu sana, kwa maana taa ndogo ya friji ilikuwa ikiwaka tangu asubuhi.

Alfajiri bwana akageuza ufunguo wa gari. Injini ikalia mara mbili, kisha kimya. Wavulana wa kidato cha nne wakalifungua tela, wakalisukuma gari, nasi huku kwetu mteremko si kitu cha kutafuta. Likawaka.

Wageni walipokwisha kwenda, mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mchana gari lilitembea kutwa na friji isipoe. Usiku gari limesimama, friji ikamaliza betri. Umeme ulikwenda wapi?" Nikamjibu kwamba ameuliza maswali mawili kwa pamoja, na kwamba yote mawili yanafaa kuandikwa katika gazeti letu.

Huenda msomaji akasema: "Mimi sina gari wala tela, yanihusu nini?" Yakuhusu sana. Sambaza wa ziwa Kivu, maziwa ya ng'ombe wetu, na nyama ya sokoni, vyote huharibika njiani. Zaidi ya hayo iko chanjo ya watoto. Chanjo huja kutoka ghala la Kigali mpaka hospitali kama yetu ya Mibilizi, na kutoka hapo huenda kwenye vituo vya afya vilivyo juu ya vilima. Chanjo nyingi hazina budi kukaa kati ya digrii 2 na digrii 8 safari nzima. Maziwa yakichacha utayajua kwa harufu. Chanjo ikiharibika kwa joto haina harufu. Mtoto atachomwa sindano, mama atarudi nyumbani na moyo mtulivu, na kumbe mtoto hana kinga.

1. Kazi ya friji

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba friji haitengenezi baridi. Friji huondoa joto lililo ndani na kulitupa nje. Ukipitisha mkono nyuma ya friji utalisikia joto hilo. Kazi ya kuliondoa yataka nguvu, na katika gari au tela kuna friji za namna mbili.

Namna ya kwanza ina kompresa, yaani pampu ndogo inayoendeshwa na mota ya umeme. Pampu hiyo husukuma gesi katika mabomba. Gesi hugeuka maji upande wa nje na kugeuka mvuke tena upande wa ndani, na kila igeukapo mvuke hunyonya joto. Friji ndogo ya namna hii hula kama ampea 4 ikiwa kazini. Ikipoa vya kutosha hujizima na kupumzika, hata wastani wake kwa siku nzima waweza kuwa ampea moja na nusu tu.

Namna ya pili haina mota wala pampu. Ndani yake mna amonia, maji na haidrojeni, na kinachoviendesha ni joto. Joto hilo laweza kutoka kwa moto wa gesi, kwa utambi wa mafuta ya taa, au kwa waya wa umeme unaopata moto kama ule wa pasi. Friji hii ilibuniwa mwaka 1922 na vijana wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, wakiwa bado wanafunzi. Katika Afrika ilipata sifa kubwa, kwa kuwa misheni na zahanati nyingi zisizokuwa na umeme ziliweza kupata baridi kwa mafuta ya taa. Kwa wasafiri sifa yake ni kwamba yatumia gesi mahali pa kulala na umeme wa gari njiani. Kasoro yake ni ulafi: hula kama wati 120 karibu bila kupumzika. Katika umeme wa volti 12 hizo ni ampea 10.

Friji ya wageni wetu ilikuwa ya namna hii ya pili.

2. Waya uliokula umeme

Sasa tujibu swali la kwanza. Betri ya gari hukaa mbele, karibu na injini. Friji ilikuwa nyuma, ndani ya tela. Umeme hauna budi kwenda na kurudi. Tukihesabu mita 8 za kwenda na mita 8 za kurudi, twapata mita 16 za waya.

Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja na nusu za mraba, ambao watosha kabisa kwa taa za nyuma, una ukinzani wa omu 0.19 katika mita 16. Yaonekana ni kidogo sana. Lakini friji yenyewe ina ukinzani wa omu 1.2 tu, kwa kuwa volti 12 zikigawanywa kwa ampea 10 ni 1.2. Basi jumla ni omu 1.39. Gawanya volti 12 kwa 1.39, utapata ampea 8.6. Volti zinazofika kwenye friji ni 8.6 mara 1.2, yaani kama 10.4. Na nguvu inayofika ni wati 89, si 120. Robo ya nguvu imekwisha kupotea kabla hatujataja plagi ya tela iliyoingia kutu na vumbi, ambayo huongeza ukinzani wake.

Taa ndogo ya friji haijali hasara hiyo, nayo huendelea kuwaka. Ndiyo maana yule mama alidanganyika. Taa husema kwamba umeme umefika. Haisemi umefika kiasi gani. Kinachosema kweli ni kipimajoto kilichowekwa ndani, na mita ya volti iliyoshikwa penye friji yenyewe wakati inafanya kazi.

Badili waya, weka wa milimita 6 za mraba. Ukinzani utashuka hadi omu 0.047, na nguvu itakayofika itakuwa kama wati 111. Ni friji ile ile na betri ile ile. Kilichobadilika ni waya peke yake. (Kwa urahisi wa hesabu tumeshika volti 12. Injini ikiwaka, alteneta hutoa karibu volti 14, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki.)

Kila waya wa namna hii lazima uwe na fyuzi karibu na betri. Waya ukichubuka na kugusa chuma cha gari bila fyuzi, huweza kuwasha moto.

3. Betri iliyokwisha usiku

Swali la pili ni jepesi zaidi. Injini ikiwaka, alteneta hulisha friji na kuijaza betri. Injini ikizimwa, alteneta nayo hulala, na friji huanza kula akiba ya betri.

Tuseme betri ni ya ampea-saa 60, na friji inakula ampea 8.6. Gawanya, utapata saa 7. Wageni walizima gari saa mbili usiku. Basi kufika saa tisa usiku hapakuwa na kitu cha kuwashia injini. Na hiyo ni hesabu ya betri mpya iliyojaa, tena betri ya gari huumia ikikamuliwa hata kukauka.

Dawa yake ni rilei. Hii ni swichi inayofungwa na sumaku ya umeme. Injini ikiwaka sumaku hupata nguvu na kuunganisha waya wa friji. Injini ikizimika sumaku huachia, na friji hukatwa bila mtu kukumbuka chochote. Wengine huweka betri ya pili ndani ya tela kwa ajili ya friji peke yake, na rilei huzitenganisha betri hizo mbili gari lisimamapo. Katika magari mengi ya siku hizi kompyuta hupunguza volti za alteneta ili kuokoa mafuta, kwa hiyo betri ya pili huhitaji chaja maalumu inayopandisha volti tena.

Friji ya kompresa ingeonyesha tofauti kubwa. Tukitumia nusu tu ya betri, yaani ampea-saa 30, na friji ikila wastani wa ampea moja na nusu, twapata saa 20.

Wako wasafiri wanaosema: "Tutaiacha gesi iwake gari likitembea." Hiyo ni hatari. Mtu huyo huingia kituo cha petroli akiwa na moto uliofichwa nyuma yake. Tena juu milimani, kama kule Nyungwe, hewa ni nyepesi na moto mdogo wa gesi hudhoofika, pengine hata huzimika. Kadhalika friji hii isiyo na pampu yataka kusimama sawasawa. Ukiliegesha tela penye mteremko, maji yaliyomo katika mabomba hayatelemki yanavyopasa, na baridi hukoma.

4. Akiba ya barafu

Kuna njia nyingine ya kuweka akiba, nayo haihitaji betri. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunywa joto sawa na wati 93 kwa saa moja. Basi kilo 4 za barafu hunywa joto la wati-saa 370 na zaidi, nayo karibu ni sawa na umeme wote wa ile nusu ya betri. Ndiyo sababu mhudumu wa afya anayepanda kilima na kisanduku cha chanjo hachukui friji. Huchukua sanduku lenye kuta nene na vipakiti vya maji baridi au barafu. Wazo hilo hilo limo katika friji mpya za vituo vya afya zinazoendeshwa na jua bila betri: mchana jua hugandisha barafu ukutani mwa friji, na usiku barafu hulinda chanjo.

Lakini barafu nayo ina madhara yake. Chanjo za pepopunda na za homa ya ini ya B huharibika zikiganda. Kwa hiyo vipakiti vya barafu havitiwi mara vinapotoka kwenye friza. Huachwa nje kwanza mpaka barafu ianze kuyeyuka na maji yasikike yakicheza ndani ukivitikisa.

Njia ya tatu ni kufupisha safari yenyewe. Tangu mwaka 2016 ndege ndogo zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu kutoka Muhanga hadi hospitali mbalimbali za Rwanda. Friji hukaa kituoni, na mzigo husafiri kwa dakika chache tu.

5. Mambo ya kushika

Kabla ya safari, ipoze friji kwa umeme wa nyumbani tangu jana yake, na utie vitu vilivyokwisha kupoa. Tumia waya mnene, wenye fyuzi na rilei. Safisha plagi ya tela. Tia kipimajoto ndani, ukisome kila usimamapo. Usiifungue friji ovyo. Wala usiulize kwanza ukubwa wa friji; uliza umeme utafikaje, na nini kitatokea injini ikizimwa.

Wanafunzi wetu wa zamani walio madereva, mafundi na wauguzi watakuwa na mengi ya kuongeza. Na waandike, tutayachapa.

Maswali

1. Friji ya wati 60 katika volti 12 inakula ampea ngapi?
2. Friji ya kompresa ina wastani wa ampea 2. Itadumu saa ngapi kwa nusu ya betri ya ampea-saa 80?
3. Dereva anayepeleka chanjo amesimama kula chakula kwa saa mbili, na injini imezimwa. Rilei imekata umeme. Afanye nini ili chanjo isiharibike?

Majibu: (1) Ampea 5. (2) Saa 20. (3) Asilifungue sanduku, aliegeshe gari kivulini, asome kipimajoto, na awe ameweka mapema vipakiti vya barafu iliyoanza kuyeyuka. Lililo bora zaidi ni kupeleka chanjo kwanza, kisha ale.