Silinda Hedi Iliyochemka

Swali: Injini ya gari langu ilichemka. Fundi ataka silinda hedi isagwe uso, kisha aifunge. Je, yatosha?

Jibu: Haitoshi, ndugu yangu, kwani madhali hedi ya aluminiamu imekwisha kupata joto la kupita kiasi, sharti kwanza isafishwe, njia zake za maji zizibwe, itiwe hewa ya shinikizo na kuzamishwa katika maji ya moto, ili ufa uliojificha baina ya viti vya valvu udhihirike, maana kusaga hedi iliyopasuka ni kupoteza mali bure. Ikisalimika, ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Injini nyingi ndogo za petroli haziruhusu upinde kuzidi takriban milimita 0.05, ingawa kitabu cha mtengenezaji ndicho hakimu. Isagwe kidogo iwezekanavyo, kwani kila kinachoondolewa huzidisha mgandamizo.

Lakini jambo linalonisikitisha, kwa kuwa aghalabu hupuuzwa, ni vikalio vya kemshafti: penye kemshafti juu, hedi ikipinda navyo hupinda pamoja, na kuusawazisha uso wa chini hakuvinyooshi hata kidogo. Basi kabla ya kusaga, valvu zikiwa zimetolewa, kemshafti ilazwe mahali pake, ikazwe, izungushwe kwa mkono. Ikikwama, hedi inyooshwe kwanza, au itafutwe nyingine.