Bomba la mvuke likirefuka: maswali ya mafundi

Maswali haya ni ya mafundi na wanafunzi wa umekanika wa Kwanza, Kitale na Bungoma, ambako kuna kiwanda cha sukari cha Nzoia.

Mhandisi, bomba hurefuka kiasi gani?
Bomba la chuma cha kawaida lenye urefu wa mita 30, likipata joto kutoka nyuzi 25 hadi 350, hurefuka karibu sentimita 12. Ukilibana ncha zote mbili, nguvu za kurefuka huko zitaishia kwenye tabaini au kwenye welding.

Kiungo chenye mikunjo, kile kinachomeza urefu huo, kimepasuka. Si tuweke chenye bati nene zaidi?
Hapana, ndugu zangu. Bati nene huhimili presha vizuri, lakini ni gumu kukunjika. Kwa msogeo uleule, mkazo ndani yake unapanda na kiungo kinakufa mapema. Ndiyo maana viungo vingi huwa na tabaka kadhaa za bati jembamba. Mikunjo hufanya kazi ikiwa imepita kiwango ambacho chuma hurudi kama kilivyokuwa, kwa hiyo tunahesabu mara ngapi itapashwa joto na kupozwa. Boila inayozimwa kila juma kwa kukosa miwa inakula umri wa kiungo kuliko ile inayowaka msimu mzima.

Na bomba lenyewe?
Kanuni ya Marekani ya B31.3 inaruhusu mkazo wa kurefuka ufikie mara moja na robo ya mkazo unaoruhusiwa chuma kikiwa baridi, ukijumlisha robo ya mkazo unaoruhusiwa kikiwa moto. Mizunguko ya kupashwa joto na kupozwa ikizidi, kiasi hicho hupunguzwa.

Tuchague chuma gani?
Kwa bomba, chuma cha kawaida kinatosha hadi karibu nyuzi 425. Zaidi ya hapo, tafuta chenye kromi na molibdeni. Mikunjo huwa ya chuma cha pua, mara nyingi aina ya 321 yenye titani. Adui yake ni kloridi: maji ya chumvi yakibaki mikunjoni baada ya kupima presha, joto likija mikunjo hupasuka bila dalili. Penye hatari hiyo, lipia aloi ya nikeli kama 625.

Kuna jambo tunalolisahau?
Nguzo za kushikilia bomba! Kwa presha ya bar 20, kiungo cha kipenyo cha sentimita 20 husukuma kwa zaidi ya tani 6. Kabla ya kufungua mvuke, kagueni nguzo hizo na mtoe vyuma vilivyofungwa kulinda kiungo safarini.